Saa Tatu Zetu, Saa Mbili Zao

Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na ushee, na katika muda wote huo ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia usoni kwamba nimepika majibu. Alikuwa kijana wa kutosha kuwa mwanangu, na aliniamkia kwanza. Namkumbuka kwa shukrani. Ninayoyaandika hapa ni habari ya wiki ile aliyokuja, na ya namba moja niliyoiandika mara nyingi kabla sijaiona.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ilikuwa imeingia, maduka yaliyozoea rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, na kazi nyingi zilizokuwa za serikali zilikuwa zikiachiwa watu binafsi. Sisi tulikuwa maabara ndogo ya malisho ya mifugo pembezoni mwa mji wa Dodoma, jengo la vyumba vitatu lenye paa la bati ambalo ikifika saa nane mchana lilikuwa likilia kwa joto. Mkuu wetu alikuwa mama wa Kigogo aliyelelewa misheni upande wa Buigiri, mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Mimi nilikuwa fundi sanifu wake, Mrangi wa Kondoa. Kwa kuwa jioni nilifundisha watoto Kurani mtaani kwetu, pale kazini waliniita Shehe. Niliwaambia mara nyingi kwamba sijafika huko, wakaendelea, nikaacha.

Mwaka huo ulikuja waraka wa kupunguza watumishi. Mkuu wetu alitakiwa aandike, kwa kila mtu aliye chini yake, kama kazi yake inahitajika na kama inaaminika. Atakayeandikiwa kwamba haaminiki, aende nyumbani. Nilikuwa na watoto watano shuleni na shamba la mtama ambalo mvua ililikumbuka mwaka mmoja, ikalisahau miwili. Sikuwa na wasiwasi sana. Nilimtegemea Mungu, na baada ya Mungu nilitegemea daftari langu.

Kazi iliyotuleta kwenye mashaka ilianzia kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, wa asili ya Kihindi, ambaye ukoo wake ulikuwa na duka karibu na stesheni tangu enzi za babu yake. Ruksa ilipokuja, alianza kutengeneza matofali ya kulamba kwa ajili ya ng'ombe. Kiangazi, nyasi za kwetu kuanzia Kongwa mpaka Gulwe hugeuka makapi. Ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda. Tofali la kulamba hutengenezwa kwa molasesi, ule uji mweusi unaobaki kwenye kiwanda cha sukari, pamoja na chumvi, pumba na urea kidogo. Urea ni ile ile ya mbolea, chembe nyeupe zisizo na harufu. Ikitiwa kwa kipimo, tumbo la ng'ombe huitumia kujenga protini, ikizidi, humuua. Mfanyabiashara alizingatia kipimo vizuri. Ila alitia kila kitu pamoja kwenye mapipa na kuyaacha juu ya moto mpaka uji ukaze.

Wafugaji kutoka Mlali walirudi na malalamiko. Walisema pipa likichemka macho yanatoa machozi, na ng'ombe analamba tofali zima bila kubadilika. Mkuu wetu alijua sababu kabla hawajamaliza kusema. Urea ikikaa kwenye moto huvunjika. Naitrojeni iliyofungwa ndani yake hutoka ikiwa amonia, ile harufu ya zizi lililofungwa inayochoma pua, na ikishapaa hairudi. Kinachobaki kwenye tofali ni utamu na chumvi.

Lakini kujua kwamba kitu huvunjika si kujua huvunjika kwa kasi gani. Wizara ilitaka kutoa kipeperushi cha kuwaeleza wapikaji urea inaweza kukaa kwenye moto muda gani. Kazi ya kupima walipewa watu wa maabara mbili, moja ya pwani na yetu. Kila upande upime peke yake, kisha majibu yalinganishwe.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko akili. Nilipima urea kwenye mizani, nikaiyeyusha katika maji safi, nikajaza mirija midogo ya kioo na kuiziba midomo kwa moto ili kitu kisitoke. Mirija yote niliisimamisha ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Kila baada ya saa moja nilitoa mrija mmoja na kuutumbukiza kwenye maji baridi ya mtungi ili kuvunjika kusimame pale pale. Kisha niliufungua, nikatia tone la dawa ya rangi, nikaachia asidi tone kwa tone kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye alama na koki, mpaka rangi ya manjano igeuke ya chungwa. Asidi ikiliwa nyingi, amonia ni nyingi, maana yake urea iliyovunjika ni nyingi. Nukta inawekwa kwenye karatasi ya miraba, unangoja saa nyingine.

Nilipanga siku vizuri. Adhuhuri iliangukia katikati ya mrija wa saa sita na wa saa saba, na alasiri katikati ya mrija wa saa tisa na wa saa kumi. Nilitandika mkeka wangu chini ya mwarobaini uliokuwa nje ya dirisha, sufuria ikinguruma ndani, na ninasema bila kujisifu kwamba sikuwahi kuchelewa sala wala mrija.

Kitu kimoja kilikosekana. Kipimajoto chetu kirefu kilikuwa kimevunjika mwaka uliopita, na barua ya kuomba kingine ilikuwa imelala wizarani. Hilo halikunisumbua. Maji yanayochemka hujipima yenyewe. Uongeze kuni usiongeze, hayapandi zaidi. Shuleni tulikariri darasa zima kwa sauti moja kwamba maji huganda kwa nyuzi sifuri na huchemka kwa nyuzi mia moja. Basi juu ya kila ukurasa wa daftari niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Joto: nyuzi 100."

Tulipeleka majibu. Baada ya wiki kadhaa, badala ya barua, alikuja mtu.

Alishuka kwenye treni asubuhi, kijana mwembamba mwenye miwani na begi la turubai, mtaalamu wa ile maabara ya pwani. Mkuu wetu aliniita ofisini kwake. Kijana alisimama nilipoingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Dodoma. Vumbi letu umelionaje?"

"Nimelila, mzee. Kuanzia Gulwe dirisha langu lilikataa kufunga."

Tulicheka. Kisha akatandaza karatasi mbili za miraba mezani, yao na yetu. Mstari wao ulipanda kwa haraka. Wetu ulipanda kwa ustaarabu. Alichukua rula akatuonyesha: walichokipata wao kwa saa mbili, sisi tulikipata kwa saa tatu. Ilikuwa hivyo mwanzo, katikati na mwisho.

"Urea ni ile ile, maji ni yale yale, joto ni lile lile," alisema. "Mzee, naomba nikuulize swali, usikasirike. Mirija uliitoa mwenyewe?"

"Yote."

"Na sala?"

"Adhuhuri na alasiri, hapo nje."

"Wakati huo mirija inabaki na nani?"

"Inabaki na moto."

Mkuu wetu alificha mdomo kwenye kikombe. Kijana hakucheka. Alisema mtu anayewahi sala anaweza kutoa mrija mapema, akaandika saa iliyo kwenye ratiba. Nikamwambia aangalie nukta za asubuhi, wakati hakuna sala; nazo zilikuwa chini vile vile. Aliziangalia. Ndipo akasema lile neno, kwa sauti ndogo, akitazama meza.

"Basi mzee, labda mirija haikuwepo. Mtu akikaa mezani na rula anaweza kuchora mstari mzuri kama huu. Kule kwetu imewahi kutokea mtu kupika majibu. Sisemi ni wewe. Nasema nikirudi nitaulizwa."

Juu yetu bati lilianza kulia. Mkuu wetu aliweka kikombe chini. "Ripoti ya watumishi inaondoka Ijumaa," alisema, akinitazama mimi na si yeye. "Leo ni Jumanne. Nikiandika huyu anaaminika, na karatasi hii ikafika huko juu kabla ya maelezo, watauliza nimeamini nini."

Sikukasirika. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana sikuzaliwa na utulivu huo, niliupata ukubwani. Nilijua mirija ilikuwepo. Mtu anayejua hivyo ana mahali pa kusimama.

"Kesho tufanye pamoja," nilimwambia. "Saa iwe yako. Mkono uwe wako. Mimi nitawasha moto tu."

"Nimekuja na urea ya kwetu kwenye chupa," alisema.

"Nayo tuitie. Mirija yako ikae pamoja na yangu."

Siku ya pili tulianza saa moja asubuhi. Alivua saa yake ya mkononi akailaza mezani kama mtu anayeweka silaha. Kila saa ilipotimia alitoa mirija miwili yeye mwenyewe, wa urea yake na wa urea yangu, akaizamisha mtungini, akaachia asidi huku jicho lake likiwa sawa na alama za bureti. Alikuwa na mkono mzuri. Nilimwona akipunguza kasi tone linapokaribia, kama mtu anayemimina mafuta ya taa ndani ya koroboi, nikampenda hapo hapo, ingawa alikuwa amekuja kunivunjia heshima.

Adhuhuri ilipofika nilitoka, nikasali, nikarudi. Hakuwa ameondoka kitini.

Kufikia saa nane tulikuwa na nukta za kutosha. Mirija yake na yangu ilikuwa imekwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja, na nukta zote ziliangukia kwenye mstari wangu wa awali. Mstari wa pwani ulikuwa peke yake huko juu.

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mzee, nimekukosea."

"Bado hujui kama umenikosea. Unajua tu kwamba sikuchora."

"Hiyo ndiyo niliyosema jana."

"Hiyo imekwisha. Lakini mmoja wetu ana kosa, na Ijumaa haijasogea."

Alitaka kwenda kulala kwenye nyumba ya wageni, nikamkataza. Kwetu mgeni wa kazi halali na njaa, hata kama alikuja kukushitaki. Baada ya alasiri nilimchukua nyumbani.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Nilimpata huko nilipokuwa chuoni, nikamleta bara, na hajawahi kunisamehe kabisa kwa ajili ya vumbi. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Kijana alimwamkia, akaitikia, akauliza kama wanavyouliza wote: "Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Muheza, mama."

Aligeuka na kigoda chake. "Mtu wa kwetu. Kaa, baba. Huyu mzee hakuniambia analeta mtu wa kwetu, ningeanza tangu jana. Maharage bado."

"Hakuna shida, mama."

"Shida ipo. Nimeyabandika tangu saa sita. Huku maharage yana kiburi, yanataka ubembeleze."

Kijana alicheka. "Kwa mama yanabandikwa nikienda mpirani, nikirudi yameiva. Labda haya ni ya zamani, mama. Ya zamani huwa magumu."

"Ndivyo nilivyodhani mimi pia nilipokuja. Nikasema wanatuuzia mabovu. Nikaenda kwetu, nikagawana gunia moja na mama yangu, nusu yake nusu yangu. Yake yaliiva kule. Yangu nikaja nayo huku, yaligoma. Gunia moja, mwanangu. Huyu hapa ananiambia nina haraka ya Kipwani. Miaka kumi na saba ananiambia hivyo."

Ni kweli nilikuwa nikimwambia hivyo. Ulikuwa mzaha wetu wa ndani; nilikuwa nimeutoa hata mbele ya wakwe. Nilifungua mdomo niutoe tena, na hapo ndipo uliponikwama. Gunia moja, nusu kule, nusu huku. Urea moja, chupa kule, chupa huku.

Nilimtazama kijana. Alikuwa ananitazama.

"Mzee," alisema polepole, "maji ya hapa..."

"Huenda yanachemka kabla hayajafika mia."

"Kidato cha tatu walitufundisha. Ukipanda mlima, hewa hupungua uzito na maji huchemka kabla ya mia. Mwalimu alitaja Kilimanjaro." Alisimama akatazama nje ya mlango, kwenye uwanda wetu usio na kilima cha maana mpaka macho yachoke. "Lakini hapa si mlimani. Hapa ni tambarare."

Hilo ndilo lililotupofusha sisi wote. Mtu wa Moshi anajua yuko juu kwa sababu anaona chini. Sisi wa bara tumekaa juu ya meza kubwa tukidhani ni sakafu. Yeye mwenyewe alikuwa amepandishwa na treni kutoka pwani, amelala, akaamka asijue kwamba amepanda.

Mke wangu alikuwa amesimamisha mwiko. "Kwa hiyo ni maji?"

"Inawezekana ni maji," nilisema.

"Si haraka yangu."

"Bado hatujapima."

"Pimeni," alisema, akarudi kwenye chungu chake.

Alhamisi asubuhi tulitafuta kipimajoto. Zahanati walitupa chao kwa moyo mweupe, lakini kilikuwa cha kwapani, kinaishia nyuzi arobaini na mbili. Kijana alimweleza muuguzi kwamba tunapima maji ya moto, muuguzi akasema basi mgonjwa wenu amekwisha kufa. Hatimaye mwalimu wa fizikia wa sekondari moja alituazima kirefu, kimeviringishwa kwenye pamba, kwa sharti kirudi kabla ya mitihani.

Nilikataa kukitia kwenye maji ya moto mara moja. Nilipokuwa mtoto Kondoa, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba habari haipokelewi mpaka umjue aliyeileta, na aliyeileta aliipata kwa nani, na kama ni mtu mkweli. Hiyo ndiyo isnadi. Tulikariri minyororo ya majina mpaka tukasinzia, na sikujua kwamba siku moja nitaufanyia hivyo mrija wa kioo wenye zebaki. Tulinunua mifuko miwili ya barafu kwa mama anayeuza maji baridi stendi, tukaivunja, tukaingiza kipimajoto katikati ya barafu inayoyeyuka. Kilishuka mpaka sifuri kikatulia. Shahidi alikuwa mwadilifu.

Ndipo tukakiingiza kwenye sufuria, maji yakinguruma. Mkuu wetu alikuja kusimama nyuma yetu. Zebaki ilipanda upesi, ikapita tisini, ikapunguza mwendo, ikasimama juu kidogo ya tisini na sita. Kijana aliongeza moto. Maji yalirukaruka mpaka yakamwagika nje. Zebaki haikusogea.

Mkuu wetu akauliza, "Nyuzi tatu au nne tu ndizo zimetufanya tuonekane wezi?"

Kijana alikuwa amekwisha kaa na kalamu. Kuvunjika kwa urea, alieleza, hakuendi sawasawa na joto. Kila uzi mmoja unaoongeza, kasi inaruka zaidi ya unavyotegemea. Alipiga hesabu kwa kutumia vipimo walivyokuwa navyo pwani vya joto la chini. Alitugeuzia karatasi. Kwa nyuzi zile za sufuria yetu, kazi ya saa mbili za pwani ilipaswa kuchukua saa tatu. Mstari wetu ulikuwa mzuri. Ulikuwa mstari wa kweli wa joto jingine.

Alifurahi kuliko mimi. Alitaka kuandika ripoti hapo hapo, na aliiandika kwa ukarimu: tofauti imetokana na mwinuko wa mahali, kazi ya Dodoma ilikuwa sahihi. Alinipa niisome. Ilikuwa ripoti safi, na ingenivusha Ijumaa bila doa.

Nilienda kusali adhuhuri nikiwa na karatasi ile mfukoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikosa utulivu. Nilipotuhumiwa uongo nilikuwa nimesimama imara. Sasa nimesafishwa, na daftari liliniangalia. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na mwandiko wangu mzuri: nyuzi 100. Sikupima. Nilikuwa nimepokea kutoka darasani, nikaandika kama mtu aliyeona. Mimi niliyefundisha watoto kuuliza habari imetoka kwa nani, nilikuwa nimetoa ushahidi wa kitu ambacho jicho langu halikukiona. Kijana alikosea kunidhania nimepika nukta. Nukta zilikuwa halisi. Kilichopikwa kilikuwa juu ya ukurasa, na mpishi nilikuwa mimi, bila hata kujua kwamba napika.

Niliporudi nilichukua kalamu na rula. Ukurasa kwa ukurasa nilikata ile mia moja kwa mstari mmoja, bila kuifuta, isomeke, nikaandika pembeni: "Joto halikupimwa. Niliandika kwa kukariri, kwa kukosa kipimajoto. Kipimo cha leo ni juu kidogo ya 96." Nikatia sahihi kila mahali. Kisha nikaandika maneno hayo hayo kwenye karatasi moja, nikampelekea mkuu wetu ili yafungwe pamoja na ripoti.

Alisoma. Kijana alikuwa amekaa pembeni.

"Shehe," alisema mkuu, "hii ikienda pamoja na orodha kesho, huko juu watasoma mstari wa kwanza tu. Kwamba uliandika usichopima."

"Ndiyo mstari wa kweli, mama."

"Mzee, si lazima," kijana alisema. "Hata sisi pwani tuliandika mia. Hatukupima."

"Nyinyi ilikuwa mia."

"Lakini hatukupima, mzee."

"Basi nawe una karatasi ya kuandika," nilimwambia, na mkuu wetu akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Kisha akaigeuza karatasi yangu. "Ripoti ya huyu kijana inasema ni tofauti ya mahali. Haitoshi?"

"Tofauti ya mahali iko kwenye maji, mama. Kwenye daftari kuna kosa la mtu. Likiachwa, atakayesoma kesho atapika tofali kwa mia isiyokuwepo."

Alichukua pini, akafunga karatasi yangu mbele ya ripoti, si nyuma. Ijumaa bahasha iliondoka, na kijana akaondoka na treni ya jioni, begani begi lake, mkononi kifurushi cha karanga alichofungiwa na mtu wa kwao.

Majuma yaliyofuata nilifanya kazi kama kawaida. Nilimwambia mke wangu kwamba huenda nikarudi shambani. Alisema mtama haujamshinda mtu, akauliza kama huko Kondoa maharage yanaiva. Nilimwambia Kondoa ni juu zaidi. Akasema basi tumwombe Mungu tubaki hapa.

Jibu lilikuja siku moja pamoja na chupa za asidi, ndani ya sanduku la mbao lililojaa pumba. Mkuu wetu alilifungua mezani kwangu. Chini ya pumba kulikuwa na vipimajoto viwili virefu, vipya. Barua ilisema vimetolewa kwa kuwa imebainika kwamba kituo kimefanya kazi ya vipimo bila kifaa hicho. Kwenye orodha ya watumishi iliyorudi na barua, jina langu lilikuwa halijakatwa. Mbele yake mkuu wetu alikuwa ameandika, tangu ile Ijumaa: "Anahitajika. Anaaminika, tazama kiambatisho." Kiambatisho kilikuwa ile karatasi yangu ya kukiri.

Nilitoka nje nikasujudu chini ya mwarobaini, wakati haukuwa wa sala.

Kipeperushi kilitoka baadaye. Hakikutaja saa hata moja, maana tulikuwa tumeona saa hutegemea uko wapi. Kilisema: pika molasesi kwanza, epua, ngoja mpaka uweze kuvumilia kidole chako ndani, ndipo utie urea. Mfanyabiashara wa karibu na stesheni alifanya hivyo, na wafugaji wa Mlali waliacha kulia machozi kwenye mapipa yake. Mimi nilichora mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari jipya. Upande wa kulia niliandika "nimeona", wa kushoto "nimepokea", na tangu siku ile mpaka nilipostaafu kila namba ilibidi ichague upande.

Mwaka uliofuata kijana alipita Dodoma kwa kazi nyingine, akaja moja kwa moja nyumbani na boksi. Ndani kulikuwa na sufuria ya presha, ya zile zilizoanza kujaa madukani Dar es Salaam. Alimweleza mke wangu kwamba mvuke ukizuiliwa, maji yanapanda hata kupita mia, kana kwamba chungu kimeshushwa mpaka Tanga na zaidi. Alimsikiliza, akaosha maharage, akafunga mfuniko.

Nilikaa na saa yangu. Sufuria ilipiga filimbi, ikatulia, ikapiga tena. Mke wangu alipoona muda umetosha aliiepua, akaiacha ipoe, akanitazama nikiwa tayari na kalamu.

"Andika," aliniambia. "Lakini onja kwanza."

Akafungua mfuniko, akanipa kijiko. Nilionja. Kisha nikaandika, upande wa kulia.